Mwalimu Anyamaze Mpaka Lini?



Mzazi mmoja wa mtaa wetu alinieleza hivi karibuni neno ambalo nimekuwa nikilifikiri tangu hapo. Alisema, kwa adabu lakini kwa uchungu, kwamba amesikia vijana wa darasa la kipaimara tunawapeleka porini, na wakikosea njia sisi wakubwa twawatazama tu. Hakumleta mwanawe kwetu aje kupotezwa. Nimeona afadhali nimjibu katika gazeti hili, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo, na tena ni swali la haki.

Kwanza nieleze tufanyavyo. Katika miezi ya ukavu, Juni mpaka Agosti, walimu wastaafu wawili na mama mlezi mmoja hutoka na vijana wa miaka 13 mpaka 17, wavulana kwa wasichana, mara nyingine huku Masasi, mara nyingine juu Newala. Hugawanywa katika vikundi vya watu watano au sita. Kila kundi hupewa dira moja na ramani ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimeta mbili zake ni kilometa moja ya ardhi. Simu hukaa katika kikapu cha mama mlezi, nazo hutolewa kwa hatari tu. Vijana huongoza, mkubwa hufuata nyuma. Wakifika waendako, kila mmoja hukaa peke yake kwa nusu saa bila kusema na mtu, ajifikiri.

Wengine hudhani huu ni mchezo wa Kizungu. Lakini hebu tusikilize lugha yetu. Kaskazini na kusini tumezipata kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Mabaharia wa pwani ndio waliotuachia majina hayo, nasi wa bara twayatumia bila kupanda jahazi. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu ya jua kuchomoza na jua kuzama. Basi kijana asemaye "kusini" ametaja upepo asijue. Twamwambia asimame wima, mwezi wa Julai, atwambie upepo unampiga shavu lipi.

Kisha twampa fimbo aisimike ardhini atazame kivuli chake, na hapa kuna jambo ambalo nililipenda kulifundisha hata shuleni. Vitabu vingi vya dira na kivuli viliandikwa Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Kwetu sivyo. Sisi tuko karibu nyuzi 11 kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 20 Februari. Baina ya siku hizo jua la adhuhuri liko upande wa kusini na kivuli huanguka kaskazini. Miezi mingine yote kivuli huanguka kusini. Wala adhuhuri yenyewe si saa sita kamili ya mkononi. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 za mashariki, nasi tu karibu na nyuzi 39, kwa hiyo jua letu huchelewa kama dakika 25, mara pungufu, mara zaidi. Tena mwezi wa Juni jua halichomozi mashariki kamili, bali nyuzi 24 hivi upande wa kaskazini. Kijana aliyekariri kwamba jua huchomoza mashariki hushtuka dira inapomkatalia. Mimi hufurahi akishtuka.

Masasi ni shule ya kwanza, maana ina milima ya mawe iliyosimama peke yake juu ya tambarare. Ukiuona Mtandi upande huu na mlima mwingine upande ule, umejua ulipo. Newala ni mambo mengine kabisa. Ukisha kupanda na kufika juu, nchi iko sawasawa kama meza: mikorosho, mihogo, vichaka, na tena mikorosho, na kila njia ya miguu yafanana na ndugu yake. Ukingoni tu, kama pale Shimo la Mungu, macho hufunguka ghafla ukaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Rudi ndani hatua mia mbili, huoni kitu. Kijana wa Masasi hupotea huko mapema, kwa sababu amezoea kutazama mbali. Hapana budi ahesabu hatua, akumbuke alipogeuka, aangalie kivuli, na amsalimu mwenye shamba na kumwuliza. Kijana wa siku hizi huona haya kumwuliza mzee wa shamba kuliko anavyoona haya kupotea. Laiti ningejua dawa yake.

Sasa nifike kwenye kunyamaza. Mwaka mmoja, asubuhi, huko juu, kundi la vijana sita lilifika njia panda. Walikuwa wakienda magharibi. Kiongozi wao, mvulana wa miaka 17 mwenye sauti kubwa, alishika njia ya kulia, ambayo huanza vizuri kisha hupinda kuelekea kaskazini. Yao ilikuwa ya kushoto. Nilikuwa nyuma yao nikajua, nikanyamaza. Lakini katikati ya kundi palikuwa na binti wa miaka 14. Njia ilipoanza kupinda nilimwona akisimama, akatazama kivuli chake, akatazama migongo ya wenzake, akafungua kinywa, akakifunga, akawafuata. Tulikwenda hivyo karibu nusu saa. Hatimaye aliketi chini kwenye vumbi akasema, "Mimi siendi. Kivuli kilikuwa mbele yetu, sasa kiko ubavuni." Kiongozi alicheka. Mwingine akamwomba dira, nayo ilikuwa mfukoni mwake tangu tulipoondoka. Wakaisoma. Wakarudi kimya.

Kama ningesema pale njia panda, kundi lingefika mapema, na yule binti angebaki na neno lake kinywani. Angejifunza kwamba mwalimu anajua njia, jambo ambalo alilijua tangu nyumbani. Dira haikuwa na kosa, wala elimu haikukosekana. Aliyekuwa na elimu alikuwapo, lakini alikuwa mdogo, tena mwanamke. Nadhani watu wengi hupotea namna hiyo, hata katika vikao vya watu wazima.

Hata hivyo swali la mzazi halijajibiwa. Je, ni haki kuinunua sauti ya binti mmoja kwa kiu na miguu ya wenzake watano? Hao hawakuulizwa.

Nimelifikiri hivi. Kunyamaza si sawa na kudanganya. Kijana akinigeukia akauliza, "Mwalimu, hii ndiyo njia?" humjibu, "Leo mnaongoza ninyi." Hilo si uongo, naye analijua tangu asubuhi, kwa kuwa kabla ya kutoka twawaambia waziwazi, na wazazi wao pia, kwamba hatutawasahihisha. Lakini nikimjibu "Ndiyo" ili somo linoge, nimemfanya aliyeniamini kuwa chombo changu. Kundi halipaswi kuwekewa mtego. Nchi yenyewe inatosha kuwapoteza bila msaada wangu.

La pili, mwenye kunyamaza na alipe sawa na wanaopotea. Natembea mwendo ule ule, na chupa ya maji ya kiasi kile kile, na magoti yangu yana zaidi ya miaka 60. Mwalimu anayewatazama vijana wakihangaika huku yeye amekaa kivulini kando ya pikipiki hana haki ya kunyamaza hata dakika moja.

La tatu ndilo gumu. Ukimya lazima uwe na mpaka, na mpaka huo nauweka asubuhi, si njiani. Njiani majivuno huingia, mwalimu hutaka kuona mwisho mzuri wa somo lake, akasema moyoni, "Bado kidogo, watagundua." Basi tumekubaliana: maji yakifika nusu, nasema. Mmoja akichechemea, nasema. Ikifika saa nane mchana nao hawajui walipo, nasema. Karibu na ukingo wa genge, karibu na nyuki, na penye majani marefu yasiyoonyesha nyoka, hakuna kunyamaza kabisa. Siku ile ya njia panda maji yalikuwa tele na ilikuwa saa tatu na nusu. Ingekuwa saa nane, ningemkata yule binti neno lake, na ningefanya vema.

Wazee wetu walijua kwamba kijana huhitaji mahali pa kutengwa. Jando lilimtoa kwa mama yake likamweka porini kwa majuma, akarudi mtu mwingine. Katika dayosisi yetu jambo hili lina historia yake. William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hadi 1944, alianza kulikubali jando na kuliingiza katika maisha ya Kanisa kabla hata hajawa askofu. Hakulifuta, alitoa baadhi ya mambo, akaweka sala, akauacha msitu. Wapo walioona amebadili mno, na wapo walioona hakubadili vya kutosha. Mimi naona aliufahamu msitu. Lakini lilikuwapo jambo moja katika malezi ya zamani ambalo silitamani: mafunzo mengi yalitiwa kwa hofu, na kijana hakuwa na ruhusa ya kusema "hapana". Kwetu ruhusa hiyo ipo. Mzazi akikataa, amekataa, wala hatumsemi. Kijana akisema hawezi kuendelea, anarudi na mama mlezi, na hakuna wa kumcheka.

Nimetaja kwamba aliyeona kosa alikuwa binti, nami silioni kuwa ajabu. Uwanda wa Newala ni wa mchanga unaokunywa mvua. Mito haikai juu, na chemchemi ziko chini ya miteremko. Kwa vizazi vingi wanawake na wasichana walishuka kule na mitungi na kupanda nayo kichwani, saa nyingi kila siku. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika miaka ya 1950, lakini siku bomba lisipotoa, ni wao waliorudi njia ile ile. Wanajua ni wapi njia hugawanyika, ni wapi huteleza, ni saa ngapi kivuli hufika. Hatukuiita elimu. Mvulana akisoma ramani mara moja twampigia makofi. Mama aliyeshuka genge gizani kwa miaka thelathini twasema amekwenda kuteka maji. Sasa, tukifika Newala, twamwomba mama mmoja mwenyeji awe mwalimu wa asubuhi, na vijana humwandikia njia zake kwenye ramani. Mara ya kwanza aliyealikwa alicheka akauliza kama tunamtania.

Imebaki ile nusu saa ya kukaa kimya. Wenzangu wawili hawapatani nami hapa. Wao wangependa kila kijana asimame baadaye aeleze alichojifunza juu ya nafsi yake. Ubishi huu si wetu tu: mwaka 1980 Mmarekani Thomas James aliandika kuuliza kama milima yaweza kujisemea yenyewe, au lazima mwalimu aisemee. Wenzangu wasema neno lisilotamkwa husahauliwa, na si uongo. Lakini mimi nimefundisha miaka mingi, nawajua vijana: ni hodari mno wa kutoa jibu linalotakiwa. Wa kwanza akisema amejifunza uvumilivu, wote sita watakuwa wamejifunza uvumilivu. Na yule aliyeona jambo la kweli, labda juu ya baba yake, labda juu ya woga wake, ama atalificha ama atalitoa mbele ya watu wasiostahili kulipewa. Kujitazama ambako mtu analazimishwa kukuonyesha kwageuka kujitangaza.

Tumepatana hivi: kila mmoja hupewa karatasi na penseli. Akitaka aandike, akitaka achore, akitaka aifungie karanga zake. Haikusanywi. Mwenye neno la kusema aseme njiani tukirudi, kwa amtakaye, na mkubwa atakayeambiwa hatalipeleka mbele bila ruhusa, isipokuwa likiwa ni jambo la hatari kwa mtoto.

Safari ya Julai itakuwa Newala. Fomu ziko kwa mama mlezi. Mzazi atie sahihi baada ya kusoma mpaka mwisho, hasa palipoandikwa kuhusu kunyamaza. Kila kijana alete maji lita mbili, kofia, na viatu vilivyokwisha kuzoeleka, si vipya. Mzazi anayetaka kuja atembee nasi nyuma anakaribishwa, naye alete maji kiasi hicho hicho.