Toba ya Nyumba ya Elimu

Qurani Tukufu (4:136) inawaagiza waaminio wasimamie uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ujapokuwa dhidi ya nafsi zao. Kumshuhudia jirani ni rahisi. Kujishuhudia mwenyewe ni jihadi.

Tazameni nchi ya Kanada. Kwa zaidi ya miaka 100 serikali na makanisa waliwatia watoto wa wenyeji wa asili, wapatao 150,000, katika shule za bweni mbali na wazazi wao. Lugha za mama zao zilikatazwa, na maelfu walifia humo. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990.

Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Manitoba kiliomba radhi mbele ya Tume ya Ukweli na Upatanisho. Shule hizo hazikuwa zake, lakini kilikiri kwamba kiliwaelimisha mapadre, walimu na wanasiasa walioziendeleza, wala hakikuupinga udhalimu huo.

Je, kukiri kwatosha? Islam yafundisha kwamba anayetubu kwa kuvunja haki ya mwanadamu sharti airudishe. Aliyemchukua ng'ombe wa jirani hawezi kulia machozi ya toba huku akiendelea kumkama.

Basi mwaka 2015 Tume ilitoa miito 94, na mmojawapo uliwataka wenye vyuo wafundishe lugha za wenyeji hadi kiwango cha shahada. Ushahidi wa waliopitia shule zile sasa umehifadhiwa katika kituo cha taifa kilichomo chuoni Manitoba. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Winnipeg kilianza kumlazimu kila mwanafunzi mpya wa shahada ya kwanza asome habari za wenyeji hao. Qurani Tukufu (30:23) inazihesabu lugha za watu kuwa ishara za Mungu. Basi kuifundisha lugha iliyokatazwa ni kurudisha amana. Hata hivyo, waliokufa hawarudi, na msamaha umo mkononi mwa aliyedhulumiwa. Mdhalimu hana haki ya kumharakisha.

Nawe msomaji uliyeingia katika Islam, au ungali unaichunguza, usidhani kwamba kutamka shahada kunafuta deni la jirani yako. Mtume Mtukufu s.a.w. ametuonya tumalize madai ya watu hapa duniani, kabla ya Siku ambayo mali haitalipa kitu. Jiulize leo: ni haki ya nani iliyo mkononi mwangu?

Mwenyezi Mungu atujaalie toba ya kweli. Amin.