Je, Gofu Lina Mwenyewe?



Baadhi yenu mmekwisha kutuona tukipita njiani na baiskeli, mfuko begani, tukielekea mahali pasipo na duka wala ndugu wa kumjulia hali. Mara nyingi mmetuuliza, "Mwalimu, huko porini wafuata nini?" Nasi tumezoea kujibu kwa mzaha kwamba twafuata kuta. Leo twapenda kujibu kwa kweli, maana swali hilo limekuwa kwetu swali la dhamiri, wala si la mzaha tena.

Mambo yalianzia chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu mmoja alikuwa na kamera, akatufundisha wanafunzi wachache kuitumia, na kuisafisha filamu katika chumba cha giza kilichokuwa zamani stoo ya majembe. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na bei yake haikuwa mchezo kwa mwanachuo. Hivyo tulijifunza kutazama mara tatu kabla ya kubonyeza mara moja. Baadaye zikaja kazi, watoto, madaftari ya kusahihisha, na kamera ikalala kabatini hata lenzi yake ikaota ukungu, kama ilivyo ada ya vitu hivyo katika joto na unyevu wa pwani.

Tulipostaafu, watoto wetu walitununulia kamera ndogo ya siku hizi, isiyohitaji filamu. Mwezi wa kwanza tulipiga picha mia kadhaa, na hatukupata hata moja ya kumwonyesha mtu. Tukaona kwamba wingi umetuharibu. Basi tukajiwekea sheria kama zile za shule: mwezi mmoja, mahali pamoja, picha 36 tu. Tena mahali penyewe pawe pale ambapo watu wamepaacha, kwa kuwa mahali pazuri pamekwisha pata wapigaji wengi.

Sheria hiyo ilikuwa ngumu kuliko tulivyodhani. Wiki ya kwanza mtu huona ukuta uliobomoka, basi. Wiki ya pili huuona ukuta ule ule, akachoka. Wiki ya tatu, akivumilia, huanza kuona alama ya kiganja cha fundi katika lipu, mzizi wa mtini uliopita katikati ya mawe mawili, na jinsi kizingiti kilivyolika upande mmoja kwa sababu watu walipenda kukanyagia hapo. Tulijifunza kwamba jua la saa sita mchana ni adui wa picha, maana hufuta vivuli vyote. Ikatubidi kutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, umande ukitulowesha magoti. Hatusemi haya kwa kujisifu. Wapo vijana wanaopiga vizuri kuliko sisi. Twasema ili mjue kwamba kazi hii ilitupa furaha ya kweli, na uzeeni furaha si kitu cha kudharau.

Mwezi mmoja tulikwenda Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Pana gofu la msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine yaliyojengewa nguzo, na nyingi katika nguzo hizo zimekwisha anguka. Karibu na hapo ndipo merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilipopanda mwamba mwaka 1498, na mwaka uliofuata akaichoma moto kwa upungufu wa mabaharia. Katika makaburi ya namna hiyo hapa pwani, wenyeji wa kale walipachika mabakuli ya kaure yaliyotoka mbali kwa biashara. Mengi yamebanduliwa na wapitaji. Kilichobaki ni tundu la mviringo, kama jicho lililong'olewa. Tulipiga tundu kama hilo mara nne, na kila mara tulijiuliza: yule aliyelibandua bakuli naye alilipenda. Je, sisi tunaobandua sura ya mahali na kuondoka nayo mfukoni, tuna tofauti gani naye?

Kiswahili kimetupa maneno zaidi ya moja kwa mahali palipoachwa, nayo hayana maana moja. Gofu ni neno la jengo: kuta zimesimama, paa limekwenda. Hata mtu aliyekonda kwa maradhi huitwa gofu la mtu. Mahame ni neno la watu: walikuwapo, wakahama. Asemaye "gofu" hutazama mawe. Asemaye "mahame" huwakumbuka waliotoka. Sisi tulidhani twayajua maneno haya, kwa kuwa tumeyafundisha ubaoni miaka mingi. Kumbe tulikuwa hatujayajua.

Tulifundishwa maana yake na mtoto wa shule.

Mnajua habari za mkonge katika mkoa wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, nayo iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo mashamba yakaenea, na katika miaka ya 1960 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikaja, bei ikaanguka, mambo ya uendeshaji nayo yakaharibika, na kufikia miaka ya 1990 mavuno yalikuwa chini ya tani 50,000. Mashamba mengine yalirudi kuwa pori, mashine za korona zikashika kutu, na kambi za wafanyakazi zikabaki bila matengenezo. Wafanyakazi hao ndio walioitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake, na kazi yake ilihesabiwa katika kipande. Walitoka mbali: Songea, Kigoma, hata Msumbiji na Burundi. Wengi hawakurudi kwao.

Katika kambi moja ya namna hiyo tulikaa mwezi mzima na picha zetu 36. Palikuwa na mstari wa vyumba vya mawe, vingi bila mabati. Asubuhi jua liliingia milangoni upande mmoja na kutoka madirishani upande wa pili. Hatujapata kuona mwanga mzuri kama ule. Siku ya kupiga picha tuliyoipenda kuliko zote, bibi mmoja alikuwa ameketi kibarazani, na mbele yake pana ndoo ya plastiki na kamba ya nguo. Tulimwamkia, tukamwomba kwa adabu asogee kidogo. Tulisogeza na ndoo. Kamba ya nguo tuliifungua, tukaifunga tena baadaye. Bibi hakusema neno.

Siku ya mavuno tulitundika picha 12 katika ukumbi wa parishi, kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo. Ile ya kambi tuliiwekea jina: "Mahame." Watu walisifu. Kijana mmoja wa kidato cha nne akasimama mbele yake muda mrefu, kisha akaja tulipokuwa tumeketi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, pale ni nyumbani kwetu. Bibi yangu alikuwa amekaa hapa, nje kidogo ya picha." Akanyosha kidole kwenye hewa, kando ya karatasi. "Nilitaka kuuliza tu. Ni nani aliyehama?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mwanafunzi anavyouliza neno asilolielewa. Tumefundisha zaidi ya miaka thelathini, na hatukuwa na jibu.

Usiku ule tulijitetea wenyewe kwa wenyewe, na ni vema mzisikie hoja zetu, maana hazikuwa za kijinga zote.

Hoja ya kwanza: kila picha huacha kitu nje. Kamera haina uwezo wa kuchukua dunia nzima, kama mwalimu asivyoweza kufundisha kitabu kizima kwa kipindi kimoja. Ni kweli. Lakini kuchagua si sawa na kukana. Mwalimu aachaye sura ya tano kwa kukosa muda hafanyi kosa. Awaambiaye watoto kwamba kitabu hakina sura ya tano, huyo amedanganya. Sisi hatukumwacha bibi nje tu. Tulimwondoa, kisha tukaandika chini yake kwamba watu wamehama.

Hoja ya pili: picha huhifadhi. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar ilianguka, jumba lililojengwa mwaka 1883. Kwa sehemu ile, anayetaka kuonyesha wajukuu ilivyokuwa hana budi kutafuta picha za zamani. Basi aliyepiga picha za jumba lile siku lilipokuwa likipasuka hakupoteza kazi yake. Hoja hii twaishika hata sasa. Lakini angalieni: picha ya kuhifadhi ina wajibu wa kusema kweli kuliko picha nyingine yoyote. Kama wajukuu wataitazama picha yetu miaka 50 ijayo, watajifunza nini? Kwamba kambi ile ilikuwa tupu. Tungekuwa tumewahifadhia uongo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuuma. Tulijiambia kwamba sisi huwapa heshima watu wa mahali palipotupwa, kwa kupaonyesha kuwa pazuri. Tukakumbuka methali, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Sisi wenye kamera twaupenda ufa. Twausubiri jua liupige kwa pembeni. Lakini kwa yule alalaye ndani, ufa ule ni njia ya mvua na ya nyoka. Uzuri wetu na hofu yake vimekaa katika jiwe moja. Je, yatupasa kuacha kuuona uzuri? La, hatudhani hivyo. Jua ni zuri hata likiwaka juu ya nyumba iliyobomoka, na asiyeliona hajamsaidia mwenye nyumba kwa lolote. Dhambi haimo katika kuuona uzuri. Imo katika kumwambia mwenyewe asogee ili tuuone vizuri zaidi.

Tulimkumbuka Nehemia. Naye aliuzunguka mji uliobomoka, usiku, akiwa na watu wachache, akazitazama kuta na malango yaliyoungua, wala hakumwambia mtu alilokusudia. Kutazama kwake magofu hakukuwa upuuzi. Bila kutazama asingejua pa kuanzia. Tofauti yake nasi ni kwamba alikwenda akijua kuwa mji ule una wenyewe, na kulipokucha akawatafuta.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kambini bila kamera. Bibi alikuwa mahali pake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo jicho lako umeliacha nyumbani?"

Tukamwomba radhi. Akacheka, akasema mambo yale alikwisha yasahau. Alidhani tumetumwa na serikali kupima nyumba. Kisha akatupeleka nyuma ya kambi, penye majani marefu na mashina ya mkonge. Hapo kwa mwezi mzima tulipita kutafuta mahali pazuri pa kusimamia, tusijue kwamba twakanyaga makaburi. Baba yake, aliyekuja na namba kutoka Songea, amelala pale. Bibi alikumbuka majina 11 ya waliozikwa, Wakristo na Waislamu, akayataja moja moja nasi tukaandika. Kwa wengine alisema tu, "Huyu alipiga zeze," au, "Huyu alikuwa na mke Kigoma, hakupata habari."

Tulipouliza kama angependa picha, alisema angependa sana, ila tuje siku anayotaka yeye. Siku hiyo alivaa kanga mpya, akaketi kwenye kiti cha jirani, mjukuu nyuma yake. Ilikuwa saa sita mchana, saa mbaya kuliko zote. Tulijaribu kusema habari za mwanga, hakutaka kusikia. Tukataka kumwachia nafasi mbele. Akaagiza ndoo iwekwe palepale, kwa kuwa aliinunua kwa fedha yake. Picha ile ina vivuli vyeusi machoni na ukuta umeungua kwa jua. Mkufunzi wetu wa chuo angeipa alama chache. Imetundikwa chumbani kwa bibi, na wageni huonyeshwa.

Je, gofu lina mwenyewe? Jibu letu la leo ni kwamba mara nyingi linaye, naye amekaa karibu kuliko tunavyodhani, kando kidogo ya pale tulipokata picha. Na kama kweli wote wamekwisha kwenda, kama kule Tongoni, bado ni wenyewe, nasi ni wageni wao. Bado twapiga picha. Sheria ya 36 tunayo. Tumeongeza moja tu: tusipige ya kwanza kabla ya kumtafuta mtu na kuuliza panaitwaje.

Tunayo karatasi yenye yale majina 11. Kama katika nyumba yenu kulikuwa na mzee aliyekuja kwa namba katika mashamba ya mkonge, nanyi hamjui alipozikwa, tafadhali njoni tuisome pamoja baada ya ibada. Na aliye na panga na nguvu za Jumamosi moja, makaburi yale yanahitaji kufyekwa. Bibi amesema atapika uji.