Jua la Mungu, Ngozi ya Mtoto

Wilaya ya Ngara iko karibu na Ikweta, tena milimani. Huko, na Biharamulo jirani, jua la mchana halimwonei huruma mtoto mwenye ualbino. "Ni mapenzi ya Mungu," mama huambiwa.

Lakini mapenzi hayo yanaishia wapi? Kukosa melanini, ile rangi ya ngozi, si laana. Ni jeni zilizorithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Saratani ya ngozi iletwayo na jua ni jambo jingine, nayo huzuilika. Anayeviita vyote viwili majaliwa anamsingizia Muumba uzembe wa binadamu.

Kinga yenyewe inafahamika: kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, kitambaa kizito, kivuli kati ya saa nne na saa kumi. Ngozi inayowashwa upesi hupatana zaidi na losheni ya oksidi ya zinki isiyo na manukato. Hospitali ya KCMC, Moshi, ndiko losheni ya jua iitwayo Kilisun ilikoanza kutengenezwa, mahususi kwa watu wenye ualbino, wakubwa kwa watoto.

Lakini jua si hatari pekee. Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani, akauawa. Mama anayemfungia wake ndani baada ya hapo hamkingi na jua tu, bali na wauaji pia. Losheni ya kumkinga na hao bado haijatengenezwa.