"Sikuona" Si Sawa na "Hakuna"

Sisi tuliofundisha watoto twaijua tofauti ya maneno haya mawili. Mtoto aliyetumwa chaki kabatini akirudi na kusema, "Sikuiona," amesema kweli. Akisema, "Haimo," huenda amesema zaidi ya ayajuayo. Yafaa tofauti hiyo ikumbukwe hospitalini pia.

Mama huja na maumivu ya tumbo na kiuno yaliyomtesa kwa miaka. Hupimwa damu na mkojo, hupigwa picha, na vyote huonekana salama. Kisha huambiwa, "Huna ugonjwa, mama. Ni mawazo tu." Je, aliyemwambia hivyo amesema kweli? Twaona kuwa amesema zaidi ya ayajuayo. Ajualo ni kwamba vipimo vile havikuonyesha kitu.

Tuchukue mfano wa ugonjwa uitwao endometriosisi. Nyama zinazofanana na utando wa ndani wa tumbo la uzazi huota nje yake, zikaleta maumivu makali, hasa wakati wa hedhi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa huwapata wanawake kama 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Picha ya ultrasaundi yaweza isiuonyeshe, na wengi hukaa miaka mingi kabla haujatambuliwa. Je, miaka hiyo yote maumivu hayakuwapo?

Wengine watasema kuwa foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Ni kweli, nasi twawahurumia madaktari wetu. Lakini tusome Marko sura ya 5. Yesu alikuwa akienda kwa Jairo, ambaye binti yake alikuwa karibu kufa. Kama pana siku ya haraka, ni ile. Hata hivyo alisimama, na mwanamke aliyeugua miaka 12, aliyekwisha kuteswa na matabibu wengi, akapata nafasi ya kueleza habari yake yote. Wala Jairo hakupunjwa.

Basi hatumdai daktari ajue kila kitu. Twamdai aseme, "Bado sijaona, njoo tena tuendelee kutafuta," na ampe mgonjwa dawa ya kutuliza wakati wa kungoja. Mama naye aende na daftari: tarehe za maumivu, kazi zilizomshinda, dawa alizokwisha kutumia. Mume au dada amsindikize, aseme aliyoyashuhudia.

Nasi tulio nyumbani tujihadhari. Binti akikosa shule siku mbili au tatu kila mwezi kwa kuumwa, tusimwambie, "Ndivyo wanawake walivyo, utazoea." Akizoea kunyamaza kwetu, hata daktari mwema hatapata la kusikia.