Mgongo wa Fundi

Jumamosi moja rimoti ya gari la shangazi ilizima karibu na Muliro Gardens, hapa Kakamega mjini. Gari ni Vitz ya kubonyeza, mtumba wa Japani, na lilikuja na ufunguo mmoja tu. Fundi akaichukua rimoti, akatugeuzia mgongo. Dakika mbili hivi. Alipogeuka, mlango ulifunguka.

"Nimeiprogramu upya, mama. Elfu moja mia tano."

Shangazi alilipa, tena akamwombea baraka.

Usiku niliifungua ile rimoti mezani. Unasukuma kilachi kidogo, ufunguo wa chuma unachomoka. Ncha yake unaiingiza kwenye upenyo, unapinda kidogo, kifuniko kinaachia. Ndani kuna betri bapa, CR2032. Jina linajieleza: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Dukani niliipata kwa soo moja. Hakuna aliyeprogramu kitu, kwa sababu kwa kawaida kubadilisha betri hakufuti kumbukumbu ya rimoti. Tena ule ufunguo wa chuma ungefungua mlango. Halafu ukiisogeza rimoti iliyokufa hadi iguse kitufe cha kuwashia, gari huisoma chipu iliyo ndani hata bila betri. Shangazi alilipa kufunguliwa mlango huku ufunguo wa mlango ukiwa mkononi mwake.

Nilimwita yule jamaa mwizi.

Wiki mbili baadaye, mvua ya jioni ikinyesha, jirani yangu wa ploti hapa Amalemba alikwama nje ya gari lake, mtoto mgongoni. Ni mwalimu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda. Naandika vijikazi vya mtandaoni, na kodi nilikuwa nadaiwa. Kwa mara ya kwanza nilijua kitu ambacho mtu mwenye digrii alikihitaji hapo hapo.

"Inataka kuprogramiwa, madam. Thao moja."

Nikamgeuzia mgongo.

Usiku sikulala vizuri, ingawa utetezi nilikuwa nao. Daktari hulipwa kwa anachojua. Mimi mwenyewe nikiandika silipwi kwa wino. Fundi ana kibanda cha kulipia, ana miaka ya kushika grisi, na kila anayemchungulia leo kesho atafungua kibanda mkabala na chake. Kwa nini aanike ugali wake?

Hayo yote nayakubali hadi sasa. Aseme elfu mbili akitaka, mteja aamue. Kinachonishinda ni ule mgongo. Kama ningeweza kufanya kazi ile mwalimu akinitazama, na bado nidai elfu moja, hiyo ingekuwa bei. Lakini nilihitaji asione. Nilichomuuzia ni kutojua kwake, na ili biashara isimame ilibidi aendelee kutojua.

Kuna gharama nyingine ambayo sikuipiga hesabu. Ili kuficha ushahidi, betri ya zamani niliiangusha hapo barazani. Betri kama hiyo, hata ikiwa imeisha nguvu za rimoti, mtoto akiimeza na ikakwama kooni inaweza kumuunguza ndani ya saa mbili. Nililijua hilo. Kumwonya mama yake kungemaanisha kukiri kwamba nilibadilisha betri tu.

Alfajiri nilitoka na tochi ya simu. Niliikuta chini ya rafu ya viatu, kando ya ndala ndogo za mtoto.

Nikabisha hodi. Nikamweleza yote, nikamrudishia elfu yake. Hakucheka. Alihesabu noti, akachomoa mia mbili, akanipa.

"Soo ya betri, soo ya kunyeshewa. Sasa nionyeshe."

Nilimwonyesha mara moja. Mara ya pili alifanya mwenyewe, mimi nikitazama.

Bado tunasalimiana. Juzi jirani mwingine alikwama na rimoti, nikamsikia mwalimu akimwita: "Kuja hapa karibu uone." Hakumtoza kitu. Mimi ningemtoza, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini ningemwambia asogee.