Uliliona, au Uliambiwa?

Kijana wa Kigombe, pwani ya Tanga, anayesoma chuo kikuu Dar es Salaam huingia Ukumbi wa Nkrumah na imani aliyotoka nayo nyumbani. Mtangazaji anayekuja kuzungumza ni sauti iliyomlea: redio ya babu imetundikwa msumarini, bahari inavuma nje, na saa ya habari ikifika watu wote kimya. Sauti ile ikitangaza msiba, watu husema innalillahi bila kuuliza. Ikitaja mshindi wa mechi, ubishi umekwisha. Leo mwenye sauti amekaa hatua chache mbele yake, anafuta miwani, na kwa mara ya kwanza anaweza kuulizwa.

Amuulize nini?

Binadamu anayojua kwa macho yake ni machache mno. Hata siku aliyozaliwa aliambiwa. Sasa kumwamini msemaji huwa elimu wakati gani, na huwa uvivu wakati gani? Waislamu wa pwani wanalijua swali hili tangu madrasa. Sura ya Hujurat, aya ya 6, inawataka waumini wachunguze habari wanayoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru wengine kwa kutojua. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na wanazuoni wenzake wa hadithi hawakuridhika na maneno matamu. Walidai isnadi: nani kasikia kwa nani, hadi mwanzo. Kila jina lilipimwa uadilifu wake na uwezo wake wa kuhifadhi. Ufasaha peke yake haukumpitisha mtu.

Bahari ya Kigombe nayo ina ushahidi wake, ingawa habari yenyewe inaanzia mbali. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho alikuta katika samaki wa meli ya uvuvi mmoja mwenye mapezi manene kama viungo vya mwili. Alimchora, akampelekea mchoro J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki. Samaki huyo alikuwa silikanti, ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alisambaza karatasi zenye picha ya samaki huyo na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, ingawa ndicho kilichosemwa na wavuvi wengi wa pwani hii. Mwaka 1952 samaki akapatikana Komoro, na wavuvi wa huko tayari walikuwa na jina lake, gombessa.

Ujuzi ulikuwapo, ila haukuwa na kipaza sauti.

Tangu 2003 silikanti wamekuwa wakinaswa Tanzania pia, na wavuvi wa pwani ya Tanga, wa Kigombe wakiwamo, wamewavua katika majarife waliyotega kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mtoto aliyewahi kumwona samaki yule mchangani, buluu iliyofifia na mabaka meupe, ana ushahidi ambao watangazaji wengi wameusoma tu kwenye karatasi.

Na hata sauti yenye kipaza inaweza kupingwa. Msomi Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alikuwa na sauti ya kuteka ukumbi. Mwaka 1979 alitoa mihadhara ya Reith ya BBC, na 1986 akasimulia kwenye televisheni mfululizo wa The Africans, akiieleza Afrika kuwa mrithi wa mila zake, Uislamu na Magharibi. Mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka alimlaumu hadharani kwamba amezidunisha dini za asili, na Mazrui akajibu. Kabla ya hapo, mwaka 1970, alibishana pale Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na mwanahistoria Walter Rodney, mbele ya wanafunzi. Waliokuwapo walisikia hoja na pingamizi lake katika kikao kimoja. Nafasi hiyo redio ya msumarini haikuwahi kumpa babu.

Wapo watakaoona ni utovu wa adabu kumhoji mtu mzima mwenye jina. Sivyo. Bukhari aliwahoji wapokezi kwa sababu alikiheshimu walichokibeba.

Basi wewe wa Kigombe, ikifika zamu ya maswali simama, umwamkie shikamoo, kisha uulize: mzee, hili uliliona mwenyewe au uliambiwa, na aliyekuambia ni nani? Kama mazungumzo yanahusu bahari, mweleze na yale uliyoyaona wewe.