Kufuli Lenye Jina

Swali la nani ana haki ya kumwamulia mwenzake huwa tunalipeleka bungeni, mahakamani au kwenye kikao cha ukoo. Mimi hukutana nalo kwenye seva. Kazi yangu ni kusimika programu za kuchora ramani kwenye mitandao ya ofisi, pale ambapo watu wanaochora nyumba, barabara na mifereji wanatumia mafaili yaleyale. Kabla yeyote kati yao hajachora hata mstari mmoja, kuna mtu ameshaamua mistari hiyo itatoka na unene gani ikichapishwa, herufi zitakuwa za aina gani, folda ipi itafunguka kwanza, na kipi mtumiaji haruhusiwi kugusa. Aliyeamua, mara nyingi, hachori. Wanaochora, mara nyingi, hawamjui.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Walikuwa wanamwonya anayekosa kikao. Lakini kwenye mipangilio ya kompyuta kikao chenyewe hakiitishwi. Mtu mmoja anakaa peke yake Jumamosi ofisi ikiwa tupu, anaweka alama hapa, anaondoa alama pale, na Jumatatu watu kumi na wawili wanaanza kuishi ndani ya maamuzi yake. Je, ni halali kumwamulia mtu jambo kwa namna ambayo hata hajui kwamba kuna uamuzi umefanyika?

Nianze na hoja ya wanaopenda kufunga, maana ina nguvu. AutoCAD, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982, ilirithi desturi ya mashine zilizochora kwa kalamu: rangi ya mstari kwenye kioo cha kompyuta inaweza kutumika kama namba ya kalamu. Ofisi inakubaliana, kwa mfano, kwamba mstari mwekundu utatoka na unene wa milimita 0.18 na wa bluu milimita 0.5. Makubaliano hayo yanakaa kwenye faili moja dogo ambalo kompyuta zote zinalisoma kutoka kwenye seva. Sasa atokee mmoja, mwenye haraka ya kumridhisha mteja wake, alifungue faili hilo na kuifanya bluu iwe nyembamba. Hajabadilisha mchoro wake peke yake. Kuta za kila nyumba inayotegemea faili hilo zitatoka nyembamba kama mistari ya samani siku mchoro utakapochapishwa tena. Fundi aliyeko saiti hana seva. Ana karatasi iliyokunjwa, yenye vumbi la saruji, na kwake unene wa mstari ni lugha: mzito ni ukuta uliokatwa, mwembamba ni kitu kinachoonekana kwa mbali. Mtu ambaye hajawahi kumwona amembadilishia lugha katikati ya sentensi.

Kuna mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitangaza kugunduliwa kwa programu haribifu iliyoitwa ACAD/Medre.A. Ilienea zaidi nchini Peru, na kazi yake ilikuwa wizi: michoro iliyofunguliwa kwenye kompyuta zilizoambukizwa ilitumwa kimyakimya kwenda kwenye anwani za barua pepe zilizokuwa China. Mlango ilioutumia ulikuwa umeachwa wazi kwa nia njema. AutoCAD ilizoea kutekeleza yenyewe mafaili fulani ya amri ikiyakuta kwenye folda ya mchoro, ili kumpunguzia mtumiaji kazi. Toleo la 2014 likaja na mpangilio unaozuia amri za namna hiyo zisipakiwe hivi hivi kutoka folda ambazo hazijatajwa kuwa za kuaminika. Lakini folda ya kuaminika ambayo kila mtu ofisini anaweza kuandika ndani yake ni ya kuaminika kwa jina tu. Lazima mtu aifunge, na lazima baadhi ya wenzake wabaki nje.

Kwa hiyo kufunga kunaweza kuwa wajibu. Tatizo ni kwamba mkono ukishazoea kufunga, haujui pa kuishia.

Katika ofisi moja ya Dar es Salaam nilimkuta mzee aliyeanza kazi enzi za meza ya kuchorea na kalamu za wino. Nilikuja kwa shughuli nyingine, nikamwona akifungua programu na kuanza kupangapanga: akaondoa weusi wa kioo akaweka kijivu hafifu, akakuza alama ya kipanya, akarudisha vifupisho vyake vya kibodi kimoja baada ya kingine. Dakika kama sita hivi.

"Shikamoo mzee. Hayo unayafanya kila siku?"

"Marahaba. Kila siku, mwanangu. Kama kutandika kitanda."

Programu ilikuwa imepangwa na mtu aliyekwishaacha kazi pale, iwe inasoma upya mipangilio ya ofisi kila inapowashwa na kufuta ya mtumiaji. Nikamwuliza kama aliwahi kulalamika.

"Nimlalamikie nani? Hii inatoka kwenye mtandao."

Alilisema kama mtu anayesema mvua inatoka mawinguni. Dakika sita si msiba. Kilichonigusa ni kwamba uamuzi wa binadamu mwenzake, uliofanywa kwa vidole vitano na kipanya, ulikuwa umegeuka hali ya hewa. Mtu hawezi kuidai mvua haki.

John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru kilichotoka mwaka 1859, aliweka mpaka ambao wengi wetu tunautumia bila kujua ni wake: sababu halali ya kumzuia mtu kwa nguvu ni kuzuia asiwadhuru wengine, mema yake mwenyewe hayatoshi. Kwa kipimo hicho kesi zangu mbili zinaamuliwa haraka. Faili la unene wa mistari linagusa wote, lifungwe. Kijivu cha mzee kinagusa macho ya mzee, kiachwe. Hata AutoCAD yenyewe inajua mpaka huu: inaruhusu menyu za ofisi zikae kwenye faili la pamoja ambalo mtumiaji analisoma tu, huku menyu zake binafsi zikikaa kwenye faili lake anakoruhusiwa kufanya apendavyo.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini mtandao ni mahali ambapo karibu kila kitu kinamgusa mwingine. Chukua leseni. Kwa miaka mingi ofisi ziliweza kununua leseni chache za pamoja, tuseme tano kwa watu wanane, na seva ikazigawa: anayewahi anapata. Hapo hata kuchora kwako ni kumnyima mwenzako. Ukienda kula na programu iko wazi, kuna mtu anatazama ujumbe unaosema nafasi zimekwisha. Msimamizi anaweza kuweka muda ambao leseni iliyolala itanyang'anywa. Anaweza pia kutenga nafasi kwa kundi fulani. Kundi lipi? Wakubwa, ambao hufungua mchoro mara moja kwa siku kuutazama? Wenye tarehe ya mwisho wiki hii? Au mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, asiye na tarehe yoyote, lakini ambaye asipogusa programu hiyo sasa atarudi chuoni mikono mitupu? Kuanzia mwaka 2020 Autodesk ilianza kuziondoa leseni za mtandao na kuhamia leseni zinazobeba jina la kila mtumiaji. Ugomvi wa foleni ukawa ugomvi wa nani aandikwe jina.

Mill hana msaada mkubwa hapa, kwa sababu hakuna asiyemgusa mwenzake. Kinachotakiwa ni haki katika kugawana. John Rawls, mwaka 1971, alipendekeza tuchague kanuni za jamii tukiwa kama nyuma ya pazia, bila kujua sisi wenyewe tutakuwa nani ndani yake. Kwa msimamizi wa mfumo ni zoezi rahisi kulieleza: panga kana kwamba kesho utapewa kiti chochote ofisini, na hujui kipi. Labda kiti cha mkurugenzi. Labda cha mwanafunzi. Labda cha mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani, katika ofisi iliyopanga kila kitu kwa rangi.

Ni zoezi zuri, na lina pengo. Nyuma ya pazia unawaza viti unavyovijua. Macho ya mtu wa miaka sitini hayamjii kichwani kijana wa miaka ishirini na sita. Kuwawazia watu, hata kwa nia njema, bado ni kuamua wakiwa hawapo. Ndiyo maana naamini haki ya mipangilio haimaliziki siku ya kupanga. Inategemea nini kitatokea pale mtu atakapogonga ukuta.

Na hapa programu yenyewe ina funzo. Ukifungua mchoro ambao mwenzako ameshaufungua, AutoCAD inakuzuia kuuhariri. Lakini tazama inavyokuzuia. Inakwambia nani anautumia. Inakuruhusu kufungua nakala ya kusoma tu, ili kazi yako isisimame kabisa. Kuna hata amri ya kuuliza mchoro uko kwa nani, kwenye kompyuta ipi, tangu saa ngapi. Ni katazo, tena kali, lakini sijasikia mtu akiliita uonevu. Unainua kichwa, unaita, "Dada, umemaliza na ghorofa ya kwanza?" na dada anajibu. Kufuli lina jina, lina sababu, lina mwisho, na pembeni yake kuna njia nyingine.

Linganisha na kitufe kilichofifia, kile cha kijivu kisichobonyezeka. Hakisemi nani alikifunga wala kwa nini. Huenda kinalinda michoro ya ofisi nzima dhidi ya wizi kama ule wa Peru. Huenda kinalinda usingizi wa msimamizi asiyependa kusumbuliwa. Kwa nje vinafanana kabisa, na huo ndio ubaya wake: mtumiaji hana namna ya kujua ni kipi astahimili kwa heshima na ni kipi akidai kifunguliwe.

Siku hizi, kwenye kila mtandao ninaoupanga, naacha faili la maandishi kwenye folda ya pamoja. Kila kilichofungwa kina mstari wake: nini, tangu lini, nani alifunga, kwa nini, umwone nani. Wapo wanaoniambia ni kupoteza muda, hakuna atakayesoma, na wakisoma watabishana. Wana haki kiasi. Wachache husoma, na hao wachache hubishana kweli. Lakini ubishi ni bei ya kuwaamulia watu wazima, na anayeikwepa bei hiyo anawalipisha wengine. Tena faili lile linamkagua aliyeliandika. Kuna makufuli ambayo, ukikaa kuyaandikia sababu ya mstari mmoja, unaikosa. Hayo yafungue jioni hiyohiyo.

Wengi wetu hatutasimamia seva yoyote. Lakini wote tunaishi ndani ya mipangilio ya watu wengine: fomu ya chuo isiyopokea jina lenye herufi fulani, simu inayoamua kipi tukione kwanza, mfumo wa ofisi unaokataa bila maelezo. Tumezoea kusema "mfumo umegoma", kana kwamba mfumo una hasira zake. Nadhani tuanze kuuliza kama watu wanaomwuliza mtu: nani alifunga, kwa nini, na nikitaka kuzungumza naye nampata wapi?